Bibi na Chembe Zinazofutana

Nilidhani ni sauti ya birika. Tulikuwa tumekaa ukumbini, mimi na Bibi, kama kawaida yetu baada ya sala ya alasiri, sahani ya tende katikati yetu, nikasikia mluzi mwembamba kama wa birika linalokaribia kuchemka. Nikainuka kwenda kuzima jiko. Jiko lilikuwa limezimwa, na birika limelala kichwa chini penye vyombo vilivyooshwa, kavu. Nikarudi. Mluzi ulikuwa bado upo, unakuja na kwenda, na nilipoinama kumtilia Bibi kahawa ndipo nilipojua unatoka kifuani mwake.

Yeye hakuusikia, au alijifanya hausikii.

"Nini, mke mwenzangu?" akaniuliza. "Wan'tazama kama n'na pembe."

Bibi ameniita mke mwenzangu tangu nikiwa na meno ya utoto. Ni utani wa kwao Unguja: babu ni mume wa bibi na ni mume wa mjukuu, kwa hiyo sisi wawili ni wake wenza, na mke mwenza hana ruhusa ya kununa akitaniwa. Babu alishatangulia siku nyingi. Utani umebaki, nao ndio umenilea.

Nikasema hakuna kitu, kahawa moto. Moyoni nilikuwa nishaanza kuogopa.

Tunakaa Mabela, nyumba mpya katika mtaa wa nyumba mpya, ambako kila ukuta bado unanuka rangi. Bibi na mimi tuko chini. Mama naye yuko chini, ingawa yeye ni wa kulala tu, maana anatoka alfajiri kwenda wizarani Maskati na kurudi amechoka. Juu anakaa kaka yangu na mkewe, ambaye wakati huo alikuwa na mimba kubwa. Mimi kazi yangu ni keki. Watu wananipigia simu, nawapikia keki za harusi, za mitihani, za watoto waliohitimu Kurani. Shule niliimaliza kwa alama ambazo Mama alizitazama, akaikunja karatasi, akaitia mkobani, na hatukuzungumza tena habari zake. Sina uchungu. Nina ndoto ya duka dogo la keki upande wa Bandari ya Sultan Qaboos, pale watalii wanaposhuka melini wakiwa na njaa na jua kichwani, na nimeshalipanga hadi rangi ya mlango. Ndoto hazijawahi kunikosesha usingizi. Kinachonikosesha usingizi ni mambo ya kweli.

Na jambo moja zaidi niliseme mapema, kwa sababu hadithi yote imekaa juu yake. Kiswahili changu ni cha jikoni. Sikukisoma darasani hata siku moja. Nimekiokota kwa Bibi, pamoja na pilau na maulidi, na kama kila kitu cha kuokota kina matundu yake. Habari za mapishi na ndoa nazijua zote, lakini hizi za kusema kikombe changu na nguo yangu na maji yangu, mara napata, mara nakosa. Bibi hunicheka kwa hilo. "Kisu yangu," hunirudishia kwa sauti yangu mwenyewe, "kisu yangu liko wapi? Masikini, mtoto wa Mabela."

Baada ya mluzi kikaja kikohozi, na baada ya kikohozi ikaja picha ya kifua. Daktari aliiweka kwenye kioo akatuonyesha doa, dogo kama kokwa ya tende, upande wa kulia. Alisema mengi, kwa Kiarabu cha haraka kilichochanganyika na Kiingereza, na Bibi akawa ananigusa goti kwa kidole: amesemaje, amesemaje. Kiarabu cha Bibi ni cha soko na cha salamu. Kinatosha kupunguza bei ya samaki, hakitoshi hospitali.

Nilichokielewa ni hiki. Doa hilo huenda ni kovu la ugonjwa wa zamani, limelala, halina neno. Au huenda ni kitu kilicho hai, kinakula. Picha ya kawaida haiwezi kumtenga aliyelala na aliye macho. Kuna picha nyingine inayoweza, na hiyo ndiyo itakayoamua kama Bibi atapasuliwa, na apasuliwe wapi. Daktari akasema tusingoje.

Garini Bibi aliniuliza kila neno. Nikamwambia nitamweleza nikishaelewa mwenyewe, na akakubali kwa sharti lake, ambalo watu wote wa nyumbani tunalijua. Hakimwingii mwilini kitu asichokielewa. Alishawahi kumnyima mkono muuguzi aliyekuja na sindano bila maelezo. "Mie si gunia," alimwambia, "la kutiwa tu."

Basi kazi ya kuelewa ikawa yangu. Siku tulipoitwa kupewa maagizo, Bibi alisinzia kwenye kiti, nami nikamwuliza fundi wa mashine ya picha hiyo, binti wa Kiomani wa huku bara, asiyejua Kiswahili, kijana kama mimi, macho yake ya mtu asiyelala vya kutosha. Nilimwambia ukweli: kwamba sikusoma sana, na kwamba Bibi hataingia mpaka aelewe. Nilitegemea atanipa kijitabu. Badala yake akavuta kiti.

Alinieleza kwa viganja vyake viwili. Kila kitu, alisema, mkono wako, kiti hiki, chai, kimejengwa kwa vitu vidogo kuliko udogo wowote unaoujua, na mojawapo huitwa elektroni. Elektroni zimejaa kila mahali, ndani yetu na nje yetu. Sasa, elektroni ina pacha wake wa kinyume. Uzito wao mmoja, kila kitu chao sawa, isipokuwa umeme walioubeba: huyu ana hasi, yule ana chanya, kama mtu na sura yake kiooni, ambapo mkono wa kulia umekuwa wa kushoto. Pacha huyo hadumu katika dunia yetu. Atadumu vipi, na dunia imejaa elektroni? Akikutana na moja tu, basi, wote wawili wanafutika.

Nikamwuliza wanavunjika? Hapana. Wanaungua? Hapana, hakuna jivu. Wanakwenda wapi? Akaninyooshea vidole viwili, kimoja kuelekea dirishani, cha pili kuelekea mlangoni. Hawaendi popote, alisema, wamekuwa nuru. Miali miwili ya nuru kali ambayo jicho haliioni, mmoja unakwenda huku na wa pili unakwenda kinyume chake kabisa, kwa wakati ule ule.

Nywele zilinisimama mikononi. Nilimtazama Bibi, kinywa chake kimefunguka kidogo usingizini, nikafikiri: na haya yote yanatendeka, na sisi tunapunguza bei ya samaki.

Mengine yalikuwa mepesi baada ya hapo. Bibi atadungwa sukari kidogo, na sukari hiyo imefungiwa kitu kinachowatoa hao mapacha wa kinyume mmoja mmoja. Kilicho hai na chenye njaa kitaikimbilia sukari. Kilicholala hakitajisumbua. Pale sukari ilipokusanyika, ndipo pacha atakapotoka, akutane na elektroni ya jirani, wafutike, na miali itoke miwili miwili. Mashine yenyewe ni duara, mfano wa bangili kubwa, na Bibi atalala katikati yake. Bangili ikipata mwali huku na mwali kule kwa pamoja, inajua miali hiyo imezaliwa mahali fulani kwenye mstari unaoiunganisha. Ikija mingine, inachora mstari mwingine. Penye mistari mingi inayokatana, hapo ndipo pana anayekula.

Nilirudi Mabela nimeyabeba maelezo hayo kama ninavyobeba keki ya ghorofa tatu kwenye gari, sifungi breki ghafla, nikiogopa yasije yakaniporomokea kabla hayajafika kwa mwenyewe.

Tatizo lilikuwa maneno. Yule binti alikuwa akisema dharra, dharra, ndilo neno la Kiarabu la vitu hivyo vidogo. Neno hilo sikuthubutu kumpelekea Bibi. Kwa Kiswahili dhara ni dhara, na ukimwambia mtu mzima kwamba hospitali watamtia dhara, umekwisha kazi. Nikaona nimekuwa mwerevu kuliepuka. Nikatafuta kwenye simu mpaka nikampata mwalimu mmoja wa Dar es Salaam anafundisha watoto, naye alikuwa akisema chembe. Nikafurahi, maana chembe nilikuwa nalijua. Ni neno la Bibi mwenyewe. Akipata habari ya msiba hushika hapa, chini ya kifua, akasema chembe cha moyo chaniuma. Nikadhani ndilo hilo hilo: kitu kidogo cha ndani, kila mtu anacho.

Nikamweleza siku ile ile, nikipepeta unga wa keki. Nilieleza vizuri, wallahi. Sukari, njaa, bangili. Nikamwambia ndani ya hiyo dawa mna kitu kitakachokutana na chembe chako, Bibi, na vikikutana vinafutika vyote viwili.

Bibi alikuwa akikoroga kahawa isiyokuwa na sukari. Akaacha kukoroga.

"Chote?"

"Chote, Bibi. Hakibaki hata kidogo."

"Na daktari anajua?"

"Ndivyo mashine inavyofanya kazi."

Akasema haya, tutaona. Mimi nikaendelea kupepeta, nimeridhika na nafsi yangu.

Kuanzia hapo Bibi akawa mwengine. Siku ya pili nilimkuta kwenye simu na dada yake wa Unguja, anamwomba radhi kwa ugomvi wa kanga uliotokea wakiwa wasichana. Akawapigia na wengine. Akamwita mke wa kaka, akampa chetezo chake cha fedha cha kufukizia udi, ambacho hata kukifuta vumbi alikuwa hamruhusu mtu. Akanifundisha, bila ya kuombwa, kile ambacho miaka yote alikataa kunifundisha, namna anavyozipima ndimu za achari yake. Kila alichokifanya kilinikata maini. Nilifikiri mwili wake umemwambia kitu ambacho sisi bado hatujaambiwa. Wagonjwa hujua, watu husema. Nikawa nasikiliza ukutani pumzi zake, nikawa naunguza keki. Mama alipouliza kuna nini, nilimwambia Bibi anaomba radhi watu, na Mama, ambaye hulia mara chache, aliingia bafuni akafungua maji.

Nikaenda kwa Bibi mwenyewe. Nilipomwuliza anaogopa nini, alinitania tu. "Nakwenda kwa mume, mke mwenzangu," alisema. "Zamu yangu."

Asubuhi ya picha tulitoka na mapema. Bibi hakuwa amekula, ndiyo maagizo, na alikuwa amevaa nguo zake nyeupe za Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Njia nzima alikuwa na tasbihi. Niliwasha redio, akaizima.

Hospitali tulipokelewa na yule yule binti, akamvua Bibi pete na bangili, akanipa mimi. Halafu akatuambia jambo ambalo sikuwa nimelielewa mwanzo. Dawa ya Bibi imeshafika. Imetengenezwa alfajiri hiyo kwa ajili yake, iko ndani ya kasha la madini ya risasi chumba cha pili, na haingoji. Haiwekwi barafuni, haiwekwi mpaka kesho. Mapacha wanatoka mmoja mmoja hata sasa hivi, ndani ya kasha, apende mtu asipende, na kwa chini ya saa mbili inabaki nusu ya nguvu yake, kisha nusu ya nusu. Ikishuka sana, picha haitoki, na zamu nyingine si ya karibu. Alisema kwa upole lakini alitazama saa ya ukutani, na mimi nikaitazama, na kutoka hapo sikuweza kuacha kuitazama.

Nikamwambia Bibi twende.

Bibi hakuinuka. Aliweka mkono chini ya kifua chake, juu ya nguo nyeupe.

"Hebu nambie tena," alisema. "Hiyo dawa ikiingia, inakwenda kukitafuta chembe changu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Vikikutana vinafutana."

"Ndiyo."

"Mie nabaki na nini?"

Nilikuwa na haraka, na nilitaka kumpa lile lililonipendeza kuliko yote. "Nuru, Bibi," nikamwambia. "Inabaki nuru tupu."

Bibi akauchukua mkoba wake. "N'rejeshe nyumbani."

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamsihi. Nilimwambia haiumi, ni sindano moja. Nikamwambia nuru yenyewe hata haionekani, na hilo lilimfanya asimame kabisa. Yule binti akaja, akarudi ndani, akaja tena. Nikampigia Mama. Mama alisema kwa sauti ya kazini, mwambie aingie tu, mambo ya kuulizauliza baadaye, na sikumpelekea Bibi maneno hayo, kwa sababu namjua, angekwenda kwa miguu mpaka Mabela. Mikono ilinitoka jasho, pete zake zikawa zinateleza ndani ya kiganja changu. Nilikuwa naiona dawa ikinywea ndani ya kasha lake. Nilikuwa naona kitu kifuani mwa Bibi kikila, na sisi tumesimama kwenye zulia tunabishana. Nikaanza kulia, jambo ambalo halisaidii kitu, na nikamwambia Bibi kama anaogopa aseme anaogopa, lakini dawa asiikatae.

Aliniketisha, akakaa na yeye. Akanifuta uso kwa ncha ya mtandio wake.

"Sikatai dawa," alisema. "Nakataa kufutwa. Weye umesema mwenyewe. Mtu akifutwa chembe cha moyo akabaki nuru tupu, huyo si mgonjwa tena, mwanangu. Huyo ni marehemu."

Ilinichukua muda. Niliutazama mkono wake ulipo. Pale mbavu zinapokutana, pale pakipigwa ngumi mtu hukatika pumzi, pale ambapo Bibi huamini roho imefungiwa mlango wake. Si kitu kidogo cha ndani. Ni mahali. Kila mtu anacho kimoja, na mimi nilimwambia kitafutwa chote kisibaki hata kidogo, na kwamba daktari anajua.

"Bibi," nikamwambia, "radhi ulizokuwa ukiomba watu..."

"Ningekwenda na deni?"

Sijui nilicheka au nililia, vyote vilitoka mlango mmoja. Yule binti alitoka mbio kuangalia kuna nini. Nikamwambia Bibi kwamba si chembe cha moyo, ni chembe nyingine, za kama mchanga, kama mchele, ndogo kuliko hizo, ambazo hazina idadi, na nimekosea mimi, nimesema chako badala ya zako.

Akautoa mkono kifuani.

"Punje," alisema.

"Punje, Bibi. Vipunje."

"Sasa si useme punje." Akageuka kumtazama binti wa mashine, kana kwamba na yeye anajua Kiswahili. "Kisu yangu, kikombe yangu, tumecheka wee. Leo katuua."

Lakini alikuwa ni Bibi, na sharti lake lilikuwa bado limesimama. Alitaka aelewe sasa, sawasawa, kwa punje. Nikatazama saa, nikaacha kuitazama. Nikamwambia achimbe shimo pwani kwa mawazo. Mchanga alioutoa umekuwa kichuguu. Kichuguu na shimo havifanani hata kidogo, kimoja kimejaa, kingine kitupu, lakini ni sawa kwa sawa, ni kinyume na kinyume. Akikisukuma kichuguu ndani ya shimo, kiko wapi kichuguu? Hakipo. Shimo liko wapi? Halipo. Ila kwa hizi punje, ile nguvu iliyokuwamo ndani yao haipotei, ndiyo inayotoka kuwa miali miwili, mmoja huku na mmoja kule.

"Kwa nini miwili?"

Sikujua. Nikamwuliza binti. Akasema wale wawili wakikutana ni kama wametulia, hawaendi kokote, basi mwali mmoja ukienda huku peke yake mizani itainama. Lazima uwepo wa pili wa kwenda kinyume, ili isawazike. Nikatafsiri hivyo hivyo, mizani na yote.

Bibi akafikiri. Kisha uso wake ukaanza kufunguka upande mmoja, kama unavyofunguka akikaribia kunitania.

"Basi ni wake wenza," alisema.

"Vipi, Bibi?"

"Si mapacha hao. Mapacha hupendana. Hao ni wake wenza. Sura moja, mume mmoja, na kila mmoja ni kinyume cha mwenziwe. Ukiwakutanisha, ndoa zote mbili hazipo, na kila mmoja anashika njia ya kwao, huyu kaskazini, huyu kusini, mbio. Na majirani waliosimama madirishani, huyu kamwona mmoja anapita kwake, yule kamwona wa pili anapita kwake, wakikaa pamoja wanajua ugomvi ulikuwa nyumba gani."

Nikamtafsiria yule binti. Akasema majirani hao ndio mashine yake, na kwamba ataomba ruhusa ya kuitumia hadithi hiyo kwa wagonjwa wengine. Bibi akasema aitumie, ila amtaje mwenyewe.

"Na hizo punje zangu zitakazofutika," Bibi akaniuliza, sauti imeshuka, "ni nyingi? Nitapungukiwa?"

Binti akasema ni kama mtu kuokota punje chache kwenye mchanga wa jangwa zima. Bibi akavua mtandio na kanga ya mabegani, akavikunja, akanipa. Akasema basi aingie kabla dawa haijafa, asije akaitwa muuaji.

Mlangoni akaambiwa sharti la mwisho. Akishadungwa atalala chumba cha peke yake karibu saa nzima, asitembee, asizungumze, kwa sababu koo linalozungumza linakula sukari na litawaka kwenye picha kama lina ugonjwa.

"Kimya saa nzima," Bibi akaniambia. "Hiyo ndiyo itakayon'ua."

Mlango ukafungwa.

Majibu yalichukua siku kadhaa, na nitayasema hapa hapa ili msomaji asikae roho juu kama nilivyokaa mimi. Doa liliwaka. Lilikuwa hai. Lakini liliwaka peke yake, kwingine kote kulikuwa na giza zuri, na kitu kilicho peke yake daktari anajua namna ya kukifuata. Bibi alipasuliwa. Ana kovu chini ya kwapa na analionyesha kwa wageni wasioliomba. Chetezo alikirudisha kwake kwa mkono wake mwenyewe, mke wa kaka hajapata ujasiri wa kuuliza.

Lakini siku ile hatukuwa tunajua lolote kati ya hayo. Nilikaa kwenye viti vya korido na mkoba wake, mtandio wake, pete zake, na kanga aliyokuja nayo mabegani kwa ajili ya baridi ya viyoyozi. Nikajaribu kusali, nikawa napoteza hesabu ya tasbihi. Nikafikiria duka langu na mlango wake, na kwa mara ya kwanza rangi ilinikataa kuja.

Binti akachungulia. Alisema Bibi yuko salama, dawa imeingia ikiwa na nguvu ya kutosha, ila anatetemeka. Ameshamfunika mablanketi ya hospitali lakini anaashiria kwa mkono anataka kanga yake, na lazima apate joto, maana mwili unaotetemeka nao unakula sukari, shingoni na mabegani, na picha itadanganya. Nikaishika kanga nikampa. Aliigusa akanirudishia. Ilikuwa imekaa chini ya kiyoyozi pamoja nami, baridi kama samaki. Akasema ana dakika chache za kumtayarisha mgonjwa mwengine, kisha ataipitia.

Nikatoka nayo nje. Jua la Maskati lilikuwa limesimama juu ya maegesho, hakuna mtu, magari tu yamepangwa, hewa inacheza juu ya mabati yao. Nikalifikia gari letu. Nikaitandaza kanga juu ya boneti, nikainyoosha pembe zake nne, nikaibana kwa viganja isiruke. Bati liliniunguza nikanyanyua mikono, nikairudisha. Nilipoona upande wa chini umepata joto, nikaigeuza, kama mkate, nikaanza upande wa pili.